Mshumaa wa nyumbani na mfuniko wake



Sifa njema zote anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba wake. Ndugu msomaji, wiki hii ukurasa wetu unaingia jikoni kwa akina mama na mabinti wanaotengeneza mishumaa ya manukato kwa mikono yao, wakaiuza kwa majirani, kwa maharusi na kwa wanaotafuta zawadi za Idi. Ni kazi isiyohitaji mashine kubwa. Sufuria mbili, jiko, kipimajoto, nta, tambi, mafuta ya manukato na chupa za kioo zenye mdomo mpana vinatosha kuianza. Hatuzungumzii hapa mishumaa ya ibada za wengine wala ya kupulizwa juu ya keki. Tunazungumzia mshumaa unaowashwa sebuleni kwa ajili ya mwanga na harufu njema, kama vile udi unavyotiwa kwenye chetezo.

Katika kazi hii, mfuniko ndio unaonunuliwa mwisho na ndio unaofikiriwa kidogo kuliko vyote. Mtengenezaji huhangaika na nta, akahangaika na harufu, kisha huingia dukani na kuuliza: upi unapendeza, wa mbao au wa bati lenye rangi ya dhahabu? Sisi tunaona kuwa hilo ni swali la mwisho, wala si la kwanza. Mfuniko wa mshumaa ni kifaa kinachofanya kazi karibu na moto, ndani ya nyumba ambamo watoto hulala. Mwenye kuuchagua anachagua kwa niaba ya familia asiyoijua, nayo familia hiyo itaamini kuwa kilichouzwa pamoja na mshumaa kinafaa kutumika pamoja na mshumaa.

Kufunika ni ada yetu

Katika nyumba za pwani yetu, sinia la chakula halikutolewa mbele ya wageni bila kawa lililoshonwa kwa ukili. Mtungi wa maji uliwekewa kifuniko cha mbao, na kata ikalazwa juu yake. Udi uliopikwa kwa sukari na manukato ulihifadhiwa katika kopo lililofungwa barabara, kwa kuwa mama wa nyumba alijua kwamba harufu iliyoachwa wazi huondoka kabla haijafika kwenye makaa. Kwa hiyo mtengenezaji wa mishumaa hajifunzi jambo geni. Anaendeleza adabu ya chombo na kifuniko chake.

Dini yetu nayo imeyaweka pamoja mambo haya mawili, kufunika vyombo na kuzima moto. Katika Hadithi iliyopokewa kutoka kwa Jabir bin Abdillah (r.a.), ambayo imo katika Sahihi mbili za Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) aliwaelekeza maswahaba wake kwamba usiku unapoingia wafunge milango, wafunike vyombo vyao na wazime taa zao, na akabainisha kuwa panya huweza kuuburuta utambi na kuwaunguza watu wa nyumba. Taa ya zama zile ilikuwa ya mafuta na utambi, na mshumaa wa chupa ni wa familia hiyo hiyo. Kwa mshumaa huu, kufunika na kuzima vimekutana katika kifaa kimoja. Ndiyo maana tunasema mfuniko usichaguliwe kwa macho peke yake.

Kazi tatu za mfuniko

Kazi ya kwanza ni kuhifadhi harufu. Mafuta ya manukato yaliyochanganywa na nta huendelea kuvukiza kidogo kidogo hata mshumaa usipowashwa. Mshumaa wa asumini au karafuu uliokaa rafuni wazi kwa wiki kadhaa utamfikia mnunuzi ukiwa umepungukiwa na kile hasa alichokilipia.

Kazi ya pili ni kuzuia vumbi, nyuzi na wadudu. Uchafu ukiangukia juu ya nta hauonekani kuwa na dhara. Lakini mshumaa ukiwashwa nta huyeyuka, uchafu huelea kuelekea kwenye moto, nao waweza kuziba utambi au wenyewe ukashika moto na kuwa utambi wa pili.

Kazi ya tatu ni kuzima. Moto hauishi bila hewa. Mfuniko usioungua ukilazwa sawasawa juu ya mdomo wa chupa, hewa ya ndani huwa haitoshi tena na mwali hufa baada ya muda mfupi sana. Njia hii ni bora kuliko kupuliza, kwa kuwa pumzi kali hurusha nta ya moto na moshi husambaa chumbani. Maji ndiyo mabaya zaidi: yakimwagwa juu ya nta inayowaka huirusha nta hiyo kila upande, na kioo chenye moto huweza kupasuka.

Tatizo ni kwamba kila mfuniko unaweza kufanya kazi mbili za mwanzo, lakini si kila mfuniko unaweza kufanya ya tatu. Hapo ndipo uchaguzi unapoanzia.

Aina zinazopatikana

Mfuniko wa bati au alumini wa kubandika juu ya chupa ndio rahisi kuutumia. Hauungui, ni mwepesi, bei yake ni nafuu, na huzima mwali bila taabu. Kasoro yake ni kwamba hushika joto upesi, kwa hiyo ushikwe kwa kitambaa. Uliopakwa rangi upande wa ndani ujaribiwe kwanza, maana rangi isiyo imara huweza kubadilika au kutoa harufu inapokutana na joto.

Mfuniko wa kuzungusha una historia ndefu. Mwaka 1858 fundi wa bati wa Marekani, John Landis Mason, alipata hataza ya chupa ya kioo yenye shingo ya kuzungushia mfuniko. Kabla ya hapo watu wengi waliziba chupa za vyakula kwa vizibo na nta iliyoyeyushwa. Nta ilikuwa mfuniko wa chupa, na leo chupa imekuwa nyumba ya nta. Mfuniko huu uliundwa kwa ajili ya kuzuia hewa, na kwa sababu hiyo hauna mshindani katika kuhifadhi harufu na kusafirisha mzigo. Lakini usikazwe chupa ikiwa na moto. Hewa iliyomo ndani ikipoa husinyaa, mfuniko ukavutwa chini na kung'ang'ania. Kwa kuzima, ulazwe tu juu ya mdomo bila kuzungushwa. Utazamwe pia upande wa ndani: mingi ina utando laini wa plastiki wa kuzibia, ambao haukukusudiwa kukaa karibu na mwali.

Mfuniko wa mbao au mianzi ndio unaopendwa zaidi na maharusi, na ni kweli kwamba unapendeza. Mara nyingi una ringi ya mpira wa silikoni inayobana ndani ya chupa. Silikoni yenyewe huvumilia joto la zaidi ya nyuzi 200 za Selsiasi, lakini mbao haina uvumilivu huo. Ikiwekwa juu ya mwali hubabuka, huingia masizi, na ikisahaulika karibu na moto huweza kuwaka. Mfuniko huu ni wa kuhifadhia, si wa kuzimia. Mteja asiyeambiwa atautumia kuzimia, na hatukuti sababu ya kumlaumu.

Mfuniko wa kioo hauungui, hauna kutu wala hauna harufu. Ni mzito, bei yake ni kubwa na huvunjika njiani. Usiokuwa na ringi ya mpira huacha upenyo ambao harufu hupitia. Unafaa kwa mshumaa wa kukaa nyumbani kuliko kwa mzigo wa kusafirishwa kwa basi.

Kizibo cha gome, kile kinachotoka zaidi Ureno, ni chepesi na huziba vizuri, lakini nacho ni cha asili ya mti na kisikaribishwe kwenye moto. Hunyonya mafuta ya manukato pia, kwa hiyo kilichotumika kwenye mshumaa wa mdalasini kisihamishiwe kwenye mshumaa wa waridi.

Mfuniko wa plastiki tunashauri uachwe kabisa, au utumike kama kinga ya vumbi ya safarini tu na mteja aelezwe autupe. Plastiki nyingi hulainika kwa joto dogo, na baadhi huharibiwa na mafuta ya manukato yenyewe.

Hali ya hewa ya mahali ulipo

Mtengenezaji wa Tanga, Unguja au Mombasa na mtengenezaji wa Dodoma hawawezi kuagiza mfuniko mmoja kwa sababu zile zile. Hewa ya bahari ina unyevu na chumvi. Bati jembamba lililokwaruzika litapata kutu ukingoni, na kutu hiyo itauchafua mdomo wa chupa. Mbao nayo hunyonya unyevu na kuvimba, hata mfuniko uliokuwa ukiingia kwa ulaini ukakataa kutoka. Katika sehemu kavu hutokea kinyume: mbao husinyaa, ukalegea au ukapasuka.

Joto lenyewe lina neno. Nta ya nyuki, ambayo Tabora inasifika nayo, huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 hivi, kwa hiyo huvumilia jua la pwani. Nta nyingi za soya za chupani huyeyuka kati ya nyuzi 45 na 55, na hulainika kabla ya hapo. Mafuta ya nazi peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 24 tu, ndiyo maana hayasimami kama nta katika miji yetu. Mshumaa laini ulioachwa ndani ya gari au kwenye meza ya maonyesho juani hutoa majasho ya mafuta, nta hugusa mfuniko, na mteja huufungua akakuta uso uliochafuka. Mwenye kutumia nta laini aache nafasi kubwa zaidi chini ya mfuniko na auweke mzigo wake kivulini.

Kupima kabla ya kununua

Hasara nyingi za mwanzo hutokana na kipimo. Mfuniko unaobandikwa au kuzungushwa kwa nje hupimwa kwa upana wa nje wa shingo ya chupa. Mfuniko unaoingia ndani, kama wa mianzi wenye ringi, hupimwa kwa upana wa ndani wa mdomo. Tofauti ya milimita mbili inatosha kuufanya ulegee au ukatae. Pima chupa 3 au 4 za fungu moja, kwa kuwa kioo cha bei nafuu hakifanani sana. Kisha nunua mifuniko michache, uijaribu, na ndipo uagize mingi.

Wako wanaotumia tena chupa za jamu na achari, na kupunguza taka ni jambo jema. Chupa ikaguliwe isiwe na ufa wala pengo mdomoni, na ioshwe hadi harufu iishe. Mfuniko wake wa zamani, hata hivyo, usirudishwe bila kuunusa. Utando wa ndani hushika harufu ya siki na vitunguu saumu, na harufu hiyo itauingia mshumaa wako wa asumini.

Acha nafasi ya sentimita 1.5 au zaidi kati ya uso wa nta na mfuniko, na kata utambi ubaki na milimita 6 hivi. Utambi mrefu hulazwa na mfuniko, na ukilala huwaka vibaya na kuupeleka moto upande mmoja wa kioo. Usifunike nta ikiwa bado na joto. Iache ipoe kabisa, ikiwezekana hadi kesho yake, ili unyevu usikusanyike chini ya mfuniko.

Mwishowe jaribu kama mteja atakavyotumia. Washa mshumaa mmoja kwa saa 3, ukiwa umekaa nao. Uzime kwa mfuniko unaotaka kuuuza. Tazama: umebabuka? Umetoa harufu ya plastiki? Umeshika masizi? Umekwama? Mfuniko ulioshindwa mbele yako jikoni ni neema, kwa sababu haukushindwa katika nyumba ya mwenzio.

Mtaji na mizani

Tunajua kuwa mtaji wa wengi ni mdogo, na mara nyingine umetoka kwenye kikoba. Tuchukulie kwa mfano tu kuwa mfuniko wa mianzi unauzwa shilingi 1,500 na wa bati shilingi 600. Kwa mishumaa 50, wa kwanza utachukua shilingi 75,000 na wa pili shilingi 30,000. Tofauti ni shilingi 45,000, ambazo zingenunua nta na tambi za mzunguko unaofuata. Kwa anayeanza, bati safi lililofungwa utepe mzuri ni uchaguzi wa busara, wala si wa unyonge. Na anayeuza wa mianzi kwa sababu wateja wake wanautaka, aongeze kisahani kidogo cha bati cha kuzimia, aingize gharama yake katika bei, na awaeleze wateja kazi yake.

Hapa tunaona inafaa kusema neno kuhusu biashara yenyewe. Mfuniko mzuri huweza kumfichia mnunuzi utambi uliopinda, nta iliyojitenga na kioo au harufu iliyofifia. Mteja aruhusiwe kuufungua na kunusa kabla ya kulipa. Muuzaji asiyeogopa mfuniko wake kufunguliwa hupata mteja anayerudi.

Maandishi juu ya mfuniko

Yako mambo mawili ya kuzingatia katika maandishi. La kwanza: baadhi ya watengenezaji, kwa nia njema, huchapisha Aya au Jina la Allah juu ya mfuniko wa mshumaa wa Ramadhani au Idi. Tunawasihi waliache. Mfuniko huu utashika masizi, utaanguka sakafuni, na mshumaa ukiisha utatupwa jalalani pamoja na taka nyingine. Mapambo ya maua, nyota au salamu ya Idi yanatosha, na heshima ya maneno matukufu itabaki mahali pake.

La pili: tahadhari ya moto isiandikwe juu ya mfuniko peke yake. Mshumaa unapowaka mfuniko huwa umewekwa kando, nayo tahadhari imekwenda nao. Iandikwe ubavuni au chini ya chupa, kwa Kiswahili kinachosomeka. Mambo matatu yasikosekane: usiuache mshumaa ukiwaka bila mtu, uuweke mbali na mapazia na vitu vinavyoshika moto, na uuweke mbali na watoto. Ongeza la nne, kwamba usiwashwe kwa zaidi ya saa 4 mfululizo, na la tano, kwamba uachwe kabisa nta ikibaki kiasi cha sentimita 1 na nusu chini, kwa kuwa hapo joto hufika kwenye kitako cha kioo na kukipasua.

Kwa mwenye kuununua

Na wewe ndugu unayenunua au kupewa zawadi, una sehemu yako. Muulize muuzaji: mfuniko huu ni wa kuzimia au wa kuhifadhia tu? Ukiwa wa bati, uulaze juu ya mdomo, subiri mwali ufe, kisha baada ya dakika chache uuondoe kwa kitambaa ili moshi utoke. Nta ikishaganda, funika tena kwa kuhifadhi. Ukiwa wa mbao, uuweke mbali na mshumaa wakati unawaka, na uzime kwa kisahani cha bati. Umeme unapokatika na mshumaa wa manukato ukageuka kuwa taa ya nyumba nzima, ateuliwe mtu mmoja mzima wa kuuzima kabla ya wote kulala. Kazi hiyo isiachwe kwa mtoto, wala isiachwe kwa "yeyote atakayekuwa wa mwisho". Na endapo moto utashinda nguvu zenu, tokeni nje kwanza, kisha kwa Tanzania Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linapatikana kwa simu namba 114.

Tunawahimiza akina mama na mabinti waendelee na kazi hii ya halali. Mshumaa uliotengenezwa vizuri huileta harufu njema nyumbani na riziki mkononi. Mtengenezaji aanze na moto, afuate hali ya hewa ya mahali pake, apime kipimo na mfuko wake, kisha ndipo atazame rangi. Akifuata mpangilio huo, uzuri atakaouchagua mwishoni hautamdhuru mtu.

Tunamuomba Allah (s.w.) azibariki kazi za mikono yenu na azihifadhi nyumba zetu usiku na mchana. Amin.

Wabillahi tawfiq.